Maji Ndiyo Mchimbaji: Udongo Mweupe wa Cornwall

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Sahani ya kauri mnayolia wali ilianza kama mwamba uliooza. Udongo wake huitwa kaolini, jina la kilima cha Gaoling, karibu na Jingdezhen huko China. Leo lakini nitawapeleka Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Huko, katika miaka ya 1740, William Cookworthy, muuza dawa wa Plymouth, aliutambua udongo wa aina hiyo kwenye kilima cha Tregonning. Mwaka 1768 akapewa hataza ya kutengenezea kauri. Baadaye machimbo makubwa yakawa kandokando ya mji wa St Austell.

Mwamba wenyewe ni matale, yaani graniti. Ndani yake mna madini matatu: felspa, kwatzi na ulanga. Felspa ndiyo iliyogeuka, miaka na miaka, ikawa unga laini mweupe, ndio kaolini yenyewe. Kwatzi ikabaki mchanga, ulanga ukabaki magamba yanayometameta. Kazi yote basi ni kuvitenganisha hivi vitu, na mimi nasema aliyeifanya kazi hiyo hasa ni maji.

Wachimbaji waliondoa udongo wa juu, wakaelekeza kijito kwenye ukuta wa shimo, huku wakiubomoa kwa sululu ili maji yaung'oe. Tope jeupe likateremka hadi chini. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, ulizama kwanza, ukakokotwa kwa koleo. Tope lililobaki lilipandishwa juu kwa pampu, zamani za gurudumu la maji, kisha za mvuke.

Hapo ndipo pananivutia zaidi. Tope lilipitishwa kwenye mifereji mirefu, mipana, yenye kina kifupi na mteremko mdogo mno. Maji yakienda kasi, ulanga unakwenda nayo na udongo unaharibika. Yakizidi polepole, udongo wenyewe unatuama njiani. Ilibidi yatembee kwa mwendo wa kuutua ulanga tu. Aliyewahi kukamua wanga wa muhogo anaijua kazi hii: unaacha beseni litulie, humwagi kwa pupa.

Kutoka hapo tope liliingia visimani, likatuama. Pembeni palikuwa na ubao wenye matundu yaliyozibwa vijiti. Mfanyakazi alivichomoa kimoja kimoja kuanzia juu, maji maangavu yakatoka, udongo ukabaki chini. Kisha ukalala kwenye matangi hadi ukawa mzito kama uji wa mgonjwa uliopoa.

Kukausha kulitegemea jua na upepo, katika nchi ya mvua. Udongo ulikatwa mabonge, ukaanikwa kwa miezi. Wanawake, wamevaa aproni nyeupe, waliyakwangua mabonge moja moja kuondoa mchanga na kuvu. Natamani tungeyajua majina yao kama tunavyolijua la Cookworthy. Katikati ya karne ya 19 yakaja majiko marefu ya makaa ya mawe: moto ulipita chini ya sakafu ya vigae, udongo juu yake ukakauka kwa siku chache tu.

Mchanga ulirundikwa hadi ukawa vilima vyeupe vyenye ncha, ambavyo vingine bado vimesimama. Ulanga nao ulisukumwa mtoni. Mto wa St Austell ulitiririka mweupe mpaka wenyeji wakauita Mto Mweupe, na mashapo yake yakaijaza bandari ndogo ya Pentewan, mahali ambapo meli zilikuwa zikipakia udongo uleule.