Jinsi ya Kutoa Fuwele za Kwatzi Zikiwa Nzima na Jiwe Lake

Karibu tena mtazamaji. Leo ni mawe tu. Kabla sijashika nyundo, hebu tazama vipande hivi viwili hapa mezani. Cha kushoto ni fuwele moja ya kwatzi, yale madini magumu yanayofanana na kioo, ndefu kama kidole cha kati, safi, inang'aa. Cha kulia ni bonge lenye fuwele tatu fupi, moja imelala upande, zimeota juu ya jiwe lake pamoja na ulanga, madini ya vibamba vinavyometa, na feldispa, madini ya kawaida ya granaiti. Mimi nachukua bonge, tena bila kusita. Ile ndefu iling'olewa, chini imekatika, na hakuna anayejua iliota na nini. Kwa hiyo leo tunajifunza kutoa cha kulia.

Tuanze na ruhusa. Ardhi ina mwenyewe, na mawe yaliyomo yana sheria zake; muulize mwenye eneo, ujue pia kama ni hifadhi. Kisha jambo moja ambalo sitalirudia: shimo la mgodi lililoachwa usiingie, hata kwa dakika moja. Hewa mbaya huioni, na mwamba wa juu haukupigii hodi kabla ya kuanguka. Huna haja ya kuingia hata hivyo. Rundo la kifusi lililoko nje mara nyingi ndilo lenye mali yetu, kwa sababu wachimbaji walikuwa wanatafuta madini ya chuma au dhahabu, na kwatzi kwao ilikuwa takataka.

Vifaa ni vichache: nyundo ya mawe, tindo mbili, moja nene na moja nyembamba, miwani ya kinga, glavu, kijiti cha mbao, brashi laini, lenzi ya mkono, magazeti na tishu za kutosha. Miwani si mapambo. Kwatzi ikipasuka hutoa vigae vikali kama vya chupa.

Sasa tutafute. Kwatzi haiozi upesi kama madini mengine, kwa hiyo mvua na jua vikishamaliza mwamba wa jirani, yenyewe hubaki imetokeza, nyeupe, unaiona kwa mbali. Ukikuta vipande vyake vimetawanyika mteremkoni, okota kimoja upapase kingo. Kingo kali, mshipa, yaani ufa wa mwamba uliojaa kwatzi, uko karibu, panda juu yake. Kingo za mviringo, kimesafirishwa mbali na maji, hapo usipoteze siku.

Ukiupata mshipa, usifurahi bado. Mshipa mweupe uliojaa pomoni hauna fuwele nzuri, kwa kuwa fuwele inahitaji nafasi ya kuotea. Tafuta mahali mshipa unapopanuka, palipo na uwazi ndani, na hasa pale uwazi huo umejaa udongo mwekundu au wa kahawia. Wageni huupita udongo huo kwa sababu ni mchafu. Mimi ndipo ninapopiga magoti. Na ukiona granaiti ya chembe kubwakubwa, yenye mabamba ya ulanga na feldispa za ukubwa wa ngumi, tulia hapo: kwatzi ya moshi, na fuwele za madini mengine kama tomalini na berili, huishi nyumba moja.

Nitajuaje hii ni kwatzi? Sogeza kamera hapa. Fuwele ina pande sita, na ncha yake imechongoka. Izungushe polepole kwenye mwanga: unaona mistari myembamba kwenye ubavu? Inakata kwa upana, kama ngazi. Tomalini mistari yake hushuka kwa urefu, na ukiitazama kwa kichwani umbo lake linakaribia pembetatu. Kona za ubavu wa kwatzi ni nyuzi 120, iwe fuwele ya punje ya mchele au ya paja la mtu. Mdenmark mmoja, Nicolaus Steno, aliligundua jambo hili la pembe zisizobadilika tangu mwaka 1669, na kwatzi ilikuwa miongoni mwa alizozichunguza.

Kwa ugumu, kwatzi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, inakwaruza kioo. Kalsaiti, madini ya mawe ya chokaa, ni 3, kisu kinaikwaruza bila taabu, na unga wake ukiudondoshea siki unatoa povu. Floraiti, madini mengine ya fuwele, ni 4. Feldispa ni 6, inakaribia, lakini ikivunjika hutoa nyuso bapa, wakati kwatzi huvunjika kwa mikunjo kama kitako cha chupa. Majaribio haya fanya kwenye kipande kilichokwisha kuvunjika. Kukwaruza fuwele nzima ili kuthibitisha ni kwatzi, hapana.

Ukiona vijiwe vya njano vinavyometa, vya umbo la dadu, pengine ni pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo watu huyadhania dhahabu. Sugua kimoja mgongoni mwa kigae, upande usiong'arishwa. Dhahabu huacha mchirizi wa njano. Pairaiti huacha mweusi wenye ukijani. Na jiwe la kijivu linalong'aa, dogo lakini zito kupita kiasi, huenda ni galena. Ina madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu, nawa mikono kabla ya kula.

Tumefika kwenye kutoa, na hapa punguza mwendo. Kosa la kila mtu ni kupiga karibu na fuwele. Sauti ya nyundo husafiri ndani ya jiwe, fuwele ikaachia kwenye shina. Kwanza ondoa udongo wa uwazini kwa kijiti cha mbao, si kwa chuma, na udongo wote weka kwenye ndoo. Utauchekecha baadaye, maana fuwele zilizoachia zamani zimelala humo. Halafu tafuta ufa wa asili kwenye mwamba, kiganja kizima nyuma ya fuwele. Ingiza tindo nyembamba hapo. Piga kidogo. Sogea, piga kidogo pengine kwenye ufa uleule. Sikiliza: mwamba mzima unalia kwa sauti nyembamba, ukianza kuachia sauti inakuwa nzito, kama debe lililopasuka. Ukiisikia hiyo, weka nyundo chini, jaza tishu katikati ya fuwele, shika bonge kwa mkono, ndipo umalizie. Na kama mahali pana vumbi, lowanisha kwanza. Vumbi la kwatzi likiingia mapafuni halitoki.

Likishatoka, lifunge tishu, kisha gazeti, na ndani ya gazeti tia karatasi yenye mahali na tarehe. Papo hapo, usiseme nitakumbuka.

Kusafisha ndiko kulikonitia adabu. Anza na maji ya kawaida na mswaki laini. Maji ya moto usimimine, kwatzi hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto. Kutu ikigoma, watu hutumia asidi ya oksaliki, na inafanya kazi kweli. Niliwahi kupata bonge la kwatzi lenye kalsaiti za rangi ya asali, kutu kidogo tu pembeni. Nikalitumbukiza zima usiku kucha. Asubuhi kwatzi zilikuwa safi kama barafu, na kalsaiti zimeliwa na asidi, zimevaa utando mweupe kama chokaa, zimekufa. Bonge hilo bado ninalo, lile pale rafuni. Basi kama kuna kalsaiti, acha kutu ikae.

Kama hakuna, tumia ndoo ya plastiki, gramu 50 hivi za asidi kwa lita moja ya maji, nje penye hewa, glavu na miwani. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, si maji kwenye asidi, na usiichemshe. Ni sumu, iwe mbali na watoto na wanyama. Siku mbili tatu zatosha. Kisha loweka kwenye maji safi, ubadilishe kila siku, siku nyingi kuliko ulizoloweka kwenye asidi, maana inajificha kwenye nyufa. Maji ya asidi yatie magadi mpaka povu likome kabla ya kuyamwaga.

Mwisho, namba. Weka tone la rangi nyeupe chini ya jiwe, pale pasipoonekana, likikauka andika namba kwa wino mweusi. Namba hiyohiyo iende kwenye daftari: mahali ulipolitoa, kina, lilikuwa na madini gani, tarehe. Hili la leo ni namba 212. Kwatzi ya moshi, feldispa, ulanga. Kwenye uwazi wenye udongo mwekundu. Naliweka rafuni. Amethisto, ile kwatzi ya zambarau, naifungia kwenye droo, jua huifuta rangi yake, na pairaiti naiweka kwenye boksi kavu, unyevu huigeuza unga.

Ile ndoo ya udongo bado haijachekechwa. Video ijayo.