Kasa Huyu wa Chama Gani?

SALMA: Kombo, usinianze. Najua picha ya ukuta wetu ushaiona.

KOMBO: Nimeiona kabla wewe hujaamka. Assalaam alaykum wasikilizaji. Leo tulipanga kuzungumza michoro ya ukutani, siasa na mitaa yetu. Nimekuja na mafunzo matatu, karatasi yangu hii hapa. Lakini bibi huyu kaingia na rangi kwenye kucha, basi aseme mwenyewe kwanza.

SALMA: Waalaykum salaam. Wiki hii tumepaka rangi ile baraza ya nje kwa Bi Mkubwa. Wa zamani mnaijua, ndipo niliporikodia kile kipindi kuku wakawa wanajibu maswali. Sasa ukuta ule ulishachoka. Rangi imevimba, ukiipapasa inabanduka kama ganda la muhogo. Fundi akatwambia msipake juu ya uchafu, kwangueni kwanza. Tukakwangua. Yakhe! Chini ya zambarau, buluu. Chini ya buluu, kijani.

KOMBO: Kijani ya CCM? Kwa Bi Mkubwa?

SALMA: Kijani, na mstari wa njano juu yake. Bi Mkubwa kakaa na chai yake, hatazami. Namuuliza, Bibi, hii ilikuwaje? Ananambia, "Muulize fundi, mie sikununua rangi."

KOMBO: (anacheka) Fundi wa mwaka gani huyo?

SALMA: Ndiyo nami nimeuliza. Kimya.

KOMBO: Zambarau hiyo sina haja ya kuuliza. Machi 2019, Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, alipotoka chama cha CUF kwenda ACT-Wazalendo. Kauli ikawa shusha tanga, pandisha tanga. Ofisi zimelala buluu zimeamka zambarau. Sijapata kuona rangi inakwenda mbio namna ile.

SALMA: Basi vijana wakasema safari hii tusipake chama, tuchore kitu cha watu wote. Kikao kikakaliwa, sheha, kiongozi wa mtaa, naye akapita akakaa. Mmoja akasema tuchore jahazi. Mwenzake akamuuliza: jahazi lina tanga, tanga lililoshushwa au lililopandishwa?

KOMBO: Haya.

SALMA: Mwingine akasema mpira. Mpira sawa, jezi je? Ukichora Yanga ni kijani na njano, umerudi kule kule. Ndipo akatokea mtoto wa jirani, akasema kasa. Watu wote wakanyamaza. Kasa kagombana na nani?

KOMBO: Mkampaka rangi gani?

SALMA: ...

KOMBO: Salma.

SALMA: Kijani.

KOMBO: (anacheka, anagonga meza)

SALMA: Kasa ni kijani, Kombo! Hata wataalamu wanamwita kasa wa kijani!

KOMBO: Wanamwita hivyo kwa mafuta yake ya ndani, dada yangu. Gamba lake ni hudhurungi. Mimi mtu wa Pemba, kasa nimemuona Misali anapanda pwani kutaga, sikumuona kavaa sare. Si mngechora kasa mwenziwe, ng'amba?

SALMA: Ng'amba gamba lake lina njano. Usinifungulie kesi nyengine.

KOMBO: Na nyuma yake mkaweka nini?

SALMA: Bahari.

KOMBO: Kwa hiyo kijani ndani ya buluu. Hiyo si picha, hiyo ni Serikali ya Umoja wa Kitaifa! Mmechora kura ya maoni ya Julai 2010, CCM na CUF watawale pamoja, mmeitia miguu minne.

SALMA: Sheha kasema hivyo hivyo! Tena kwa furaha, karibu apige makofi. Mzee mmoja pale akamkata: "Umoja gani? Mbona kijani ndiyo yenye kichwa?"

KOMBO: (anacheka) Huyo mzee mleteni kipindini.

SALMA: Subiri. Asubuhi ya pili tunaamka, kasa kavaa kofia. Zambarau.

KOMBO: Hiyo ndiyo picha niliyoiona! Kofia imemkaa vizuri, lakini. Aliyeichora ana mkono.

SALMA: Aliyeichora namjua, na anasikiliza kipindi hiki, na brashi yangu airudishe.

KOMBO: Sasa niingize karatasi yangu kidogo, kabla kofia haijatumaliza. Belfast, Ayalandi ya Kaskazini. Mwaka 1998 wakatia saini mkataba wa amani, wakakubaliana serikali ya kugawana, kama sisi 2010. Lakini kuta zao zilikuwa zinasema kitambo. Barabara ya Falls ni ya wale wanaotaka kuungana na Ayalandi, utamkuta Bobby Sands, aliyekufa gerezani 1981 kwa kugoma kula. Shankill ya wale wanaoutaka Uingereza, utakuta mfalme wao juu ya farasi mweupe. Mpaka mawe ya ukingo wa barabara yanapakwa rangi. Mgeni anajua kaingia kwa nani kabla hajasalimiwa.

SALMA: Hapo huna haja ya kwenda Belfast. Pemba ya baada ya uchaguzi wa 1995, si wewe ulonihadithia? Duka la chama hiki, duka la chama kile. Watu hawazikani.

KOMBO: Hawazikani, hawaalikani harusini. Kweli.

SALMA: Basi ndiyo maana nataka ukuta ule usiseme kitu. Mtoto akitumwa sukari asisome rangi kwanza.

KOMBO: Mtoto hakuhitaji rangi, Salma. Tulikuwa tunajua duka la nani hata likipakwa chokaa tupu. Na hapa ndipo nisipokubaliana nawe. Mlichokwangua pale ni miaka yetu. Kijani, buluu, zambarau, imepangana yenyewe kwa zamu. Mungeacha kipande, hata cha upana wa mkono.

SALMA: Cha nini?

KOMBO: Cha kuonekana. Belfast kuanzia 2006 kulikuwa na mpango wa fedha za serikali wa kubadilisha michoro ya bunduki na barakoa, waweke wachezaji mpira, waandishi, meli. Nyingine zikabadilishwa. Lakini Sands yupo hapo hapo, hawakumgusa.

SALMA: Na watalii wanapelekwa kwa teksi kumpiga picha. Hicho unakitaka kwa Bi Mkubwa? Tayari pale Jaws Corner, kijiwe cha Mji Mkongwe, hunywi kahawa bila mtu kukuingiza kwenye picha, wewe na papa wa ukutani.

KOMBO: Jaws Corner mfano mzuri. Papa hana chama, kila mtu anajua pale palikuwa pa CUF. Umeona? Picha safi haikuficha kitu.

SALMA: Haikuficha, lakini papa yule hamtukani mtu. Ule ubao wa Kisonge, maskani ya CCM pale Michenzani, ulikuwa unatukana, tena kwa chaki. Kijembe cha leo kinafutwa kesho. Kufuta hakujamuua mtu.

KOMBO: Kinafutwa kuwekwa kijembe kingine! Mimi nakwambia, funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo siasa yetu yote. Muafaka wa kwanza wa CCM na CUF, 1999, tukafunika. Wa pili, 2001, tukafunika. Januari 27 mwaka ule walikufa watu zaidi ya 30, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, wengi kwetu, wengine wakavuka kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya. Mimi nimezunguka Pemba yote, ukuta mmoja wenye majina yao sijauona. Wewe unaniletea kasa.

SALMA: (kimya) Kombo, hilo si la baraza ya bibi yangu.

KOMBO: La baraza ya nani, basi?

SALMA: La walioamrisha. Wajenge wao ukuta, waandike majina, mimi nitakwenda kusoma. Lakini Bi Mkubwa ndiye anayelala nyuma ya ukuta ule uchaguzi ukifika. Gari zikipita usiku, ni dirisha lake. Wewe historia unaitaka iwe kwenye nyumba ya mtu mwengine.

KOMBO: Siitaki kwa mtu mwengine, naitaka iwepo.

SALMA: Basi anzia kwako Wete.

KOMBO: Kwangu nimepanga, mwenye nyumba kapaka krimu.

SALMA: Krimu! Na hujakwangua.

KOMBO: Sijakwangua, na bado nasema mlikosea kukwangua yote.

SALMA: Na mie bado nasema rangi ile ilikuwa inatutaja kwa wapita njia bila ruhusa yetu. Tutakaa hapa mpaka Alfajiri.

KOMBO: Tutakaa.

SALMA: Halafu jengine, la ufundi tu. Wenye nyumba za mawe Mji Mkongwe, msiige sisi. Nyumba ya Bi Mkubwa ni ya matofali ya saruji. Ukuta wa mawe na chokaa unataka kupumua. Ukiupaka rangi ya plastiki unyevu unabaki ndani, plasta inavimba, halafu inaanguka vipande vipande. Fundi wetu kasema chokaa kwa chokaa. Na kule bila ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe hata brashi usichovye.

KOMBO: Hilo lilikuwa funzo langu la pili! Umelichukua bila kuniuliza.

SALMA: La kwanza lilikuwa lipi?

KOMBO: La kwanza... fundi mitambo ananionesha vidole viwili. Dakika mbili. La kwanza refu.

SALMA: La tatu?

KOMBO: La tatu linalitegemea la kwanza.

SALMA: Basi karatasi itie mfukoni. Wasikilizaji, tutumieni sauti, rangi gani hapa Zanzibar haina mwenyewe. Nyekundu msiniambie, wala nyeupe. Kijivu mtu kashaniambia ni ya manowari.

KOMBO: Na wenye ukuta ambao haujakwanguliwa, nipigieni mimi kabla ya kumpigia Salma.

SALMA: Usimpigie huyu, atakuja na karatasi.

KOMBO: Nitakuja na kamera. Salma, lile la gari za usiku sijamaliza nalo, ulinikata...

SALMA: Umeme unacheza. Fundi, zima.