Gari limechomekwa lakini halichaji, na liko sawa

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani, karibuni sana. Leo nimesimama nje, baridi inauma, kwa sababu kuna kitu nataka mkione kwa macho yenu. Hili hapa gari langu la umeme. Huu hapa waya, umeingia hadi mwisho. Sasa tazameni chaja ukutani: taa yake ni ya bluu, na ikianza kuchaji huwa ya kijani. Ni saa 12 na robo jioni, nimetoka kazini, nimechomeka, na hakuna umeme unaoingia. Halijaharibika. Linasubiri zamu yake, na habari ya zamu ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Maana kila nikiwaonyesha gari hili mnaniuliza: jamani, umeme wenyewe tunaujua, tukianza kuchajia na magari si tutalala giza? Ni swali la msingi. Ila wengi tukiliuliza, mawazo yanakwenda kwenye mabwawa na mitambo mikubwa. Hapo napo pana kazi yake, sikatai. Lakini panapobana mapema zaidi ni karibu na mlango wako: ile transfoma ya mtaa, na laini inayotoka pale hadi nyumba ya mwisho.

Wahandisi wakipanga transfoma ya mtaa hawajumlishi kila kifaa cha kila nyumba. Wanajua wewe ukiwa unapiga pasi, jirani amewasha taa na televisheni tu. Huku Uingereza nyumba ya kawaida imekuwa ikihesabiwa kama kilowati 2 kwenye laini, ingawa fyuzi yake inaruhusu mara kadhaa ya hapo. Hesabu hiyo imefanya kazi miaka na miaka. Birika la umeme linavuta kilowati 3, lakini baada ya dakika chache maji yamechemka, limejizima. Gari langu linavuta kilowati 7, na linaweza kuzivuta saa nyingi mfululizo. Sasa chukua nyumba 10 za mtaa mmoja, wote tumerudi kazini, wote tumechomeka saa 12 jioni. Hizo ni kilowati 70 juu ya mapishi, juu ya taa, juu ya vipasha joto.

Transfoma hailipuki siku hiyohiyo. Inazeeka. Ndani yake nyaya zimevikwa karatasi na kuzamishwa kwenye mafuta, na karatasi ile hailipendi joto: kwa makadirio ya wahandisi, kila nyuzi joto 6 hivi za ziada juu ya kiwango chake zinaongeza kasi ya kuzeeka mara mbili. Zamani usiku ulikuwa muda wake wa kupoa. Halafu yuko yule wa mwisho wa laini. Kila mzigo ukiongezeka njiani, volti zinapungua kuelekea kwake. Kanuni ya hapa inasema volti 230 zisishuke zaidi ya asilimia 6. Nanyi mnajua umeme mdogo unavyoitesa friji.

Na si nadharia. Kati ya mwaka 2013 na 2015 kulikuwa na jaribio hapa lililoitwa My Electric Avenue. Waliwapa majirani wa mitaa kadhaa magari ya umeme kwa makusudi, ili yarundikane kwenye laini moja, wakapima. Wakakadiria kwamba asilimia 32 ya laini za mitaani za Uingereza zingehitaji kurekebishwa pindi asilimia 40 hadi 70 ya wateja watakapokuwa na magari haya. Na hapo walihesabu chaja za kilowati 3.5, nusu ya hii yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipobadili mawazo. Leo nimeendesha kama kilomita 40. Umeme uliotumika unarudi kwa muda wa saa moja tu kwa chaja hii. Na gari litalala hapa tangu saa 12 jioni mpaka saa 1 asubuhi. Saa 13! Linahitaji saa moja kati ya 13, na mimi nikiwa usingizini sijali ni ipi. Kumbe mtaa mzima unaweza kupokezana bila mtu kukosa kitu.

Ndiyo maana kuna kanuni iliyoanza kazi huku tarehe 30 Juni 2022. Chaja mpya ya nyumbani au kazini lazima iwe na akili ya kupanga muda, na inatoka dukani ikiwa imewekwa isichaji siku za kazi kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi, na kati ya saa 10 jioni na saa 4 usiku. Mwenye gari ana ruhusa ya kubadilisha. Ukiwa na mgonjwa wa kumkimbiza, unabonyeza na inachaji papo hapo.

Lakini kuna mtego. Tukisema wote tusubiri umeme wa bei nafuu, na unaanza saa 6 na nusu usiku, basi dakika ileile chaja zote zinaamka pamoja. Chaja 100,000 za kilowati 7 ni megawati 700 kwa mkupuo. Tumehamisha msongamano kutoka jioni kwenda usiku, na pengine tumeuzidisha, maana jioni angalau watu hurudi kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo kanuni hiyohiyo inaitaka kila chaja ichelewe kidogo kwa bahati nasibu, mpaka dakika 10, ili ziamke moja moja. Mimi kitu hiki kidogo nakipenda kuliko yote.

Ndani ya nyumba nako kuna zamu. Bafu letu la umeme linavuta kama ampea 40, gari 32. Fyuzi kuu ya nyumba hii ni ampea 60. Jumlisha. Kwa hiyo fundi alibana kipimo kidogo, kama kibanio cha nguo, kwenye waya mkuu karibu na mita, ili chaja ijipunguze nyumba ikivuta umeme mwingi. Jana gari lilikuwa linachaji, mke wangu akaingia kuoga, nikaangalia simu: 32, halafu 15 ghafla. Alipomaliza ikapanda tena. Gari halikulalamika, na maji hayakupoa.

Ujerumani wamekwenda mbali zaidi. Tangu Januari 2024 kampuni ya laini haiwezi kukukatalia chaja kwa sababu ya uwezo mdogo wa mtandao wa umeme, lakini laini ikielemewa inaweza kuipunguza kwa muda hadi kilowati 4.2, nawe unapata punguzo la ada ya mtandao. Mimi naona ni haki. Kuna mitaa ambayo transfoma kubwa haikwepeki, ila kuibadilisha kila mahali kabla ya kupanga zamu ni kutupa fedha za umma. Nyumbani ndio kwanza magari na pikipiki hizi zinaingia, kwa hiyo chaja zinaweza kufungwa na zamu yake tangu siku ya kwanza. Mkiona inafungwa pale mtaani, muulizeni fundi: hii inajua kusubiri?

Haya, nimerudi nje. Ni saa 6 na nusu kamili usiku. Bado bluu. Dakika ya kwanza… ya tatu… Mmesikia? Tak! Kijani. Ampea 32. Na ile ya jirani ng'ambo ya barabara, iliyowekewa saa hiyohiyo, mnaiona pale? Bado ya bluu.