Kumtoa mbwa kupe bila kuacha kichwa ndani

Haya, karibuni. Leo kupe. Huyu ni Bosko, mnamfahamu, ameshalala ubavu kabla sijamwambia kwa sababu kasikia mfuko wa dagaa ukichakacha. Leo kazi yote inaenda kwa rushwa.

Chukua glavu, pamba, kopo dogo lenye spiriti na kibanio chenye ncha nyembamba. Dukani kwangu ninavyo vya kupe, ila cha nyusi kinatosha kama ncha zake zinakutana sawasawa. Simlazimishi mtu.

Vua mkanda wa shingo, anza kumsaka. Usipapase mgongoni ukaridhika. Kupe anataka ngozi laini: ndani ya sikio, kwapani, kwenye kinena, chini ya mkia. Na vidoleni, ambako wengi hawaangalii kabisa. Tenganisha hivi... mnaona? Wawili. Huyu wa kijivu aliyevimba kama harage ni jike, kashiba. Huyu bapa wa kahawia aliyejibanza pembeni yake, mara nyingi ndiye dume.

Sasa polepole. Usiminye tumbo. Ncha ziingie chini kabisa, pale mdomo wa kupe unapogusa ngozi. Ukiminya tumbo, uchafu wake wote unaweza kuusukumia ndani ya mbwa. Bosko, tulia. Tulia baba! Ngoja, kamera inaangalia ukuta... Haya, tumerudi. Chini kwenye ngozi, siyo tumboni. Vuta kwenda juu, kwa nguvu ile ile, usizungushe, usinyofoe. Ngozi itanyanyuka kidogo, iache inyanyuke. Endelea mpaka aachie mwenyewe... huyo! Miguu inacheza, na mdomo wake mbele umetoka wote. Ndani ya spiriti. Usimponde kwa kucha wala usimtupe chini, jike aliyeshiba akipata ufa wa ukuta anataga mayai kwa maelfu.

Wa pili. Chini kwenye ngozi, siyo tumbo, nimesema... aa, Bosko kavuta mguu, kupe kakatika. Hii siikati kwenye video, maana nanyi itawakuta. Kipande kikishikika, kitoe. Kisiposhikika, usichimbe kwa sindano. Safisha, acha ngozi ikisukume nje. Pakivimba au pakitoa usaha, ndipo umwone daktari wa mifugo. Na mafuta ya taa hapana, kiberiti hapana. Yanaunguza ngozi, na mbwa atalamba.

Mimi nikimaliza vidole naenda kwenye fizi, na hapo sina haraka. Nyanyua mdomo wa juu. Ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole zigeuke nyeupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wetu wengi wana fizi nyeusi za kuzaliwa, huyo mwangalie ndani ya kope la chini. Kwa nini nasumbuka hivi? Kupe wa kahawia wa mbwa anabeba babesia na erlikia, vijidudu viwili vya magonjwa ya damu. Babesia inapasua chembe nyekundu za damu, kwa hiyo fizi zinapauka na mkojo unakuja mwekundu au wa kahawia. Erlikia inapunguza chembe zinazogandisha damu, unaweza kumkuta mbwa anatokwa damu puani bila kugongwa na chochote.

Habari ya pua kavu kuwa homa, achana nayo. Weka kipimajoto nyuma: kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Amepita 39.5 na ugali kaukataa? Mpeleke leo, siyo Jumatatu. Wala usimpe doksi, yaani ile antibiotiki ya doksisaiklini, iliyobaki kwenye droo. Doksi inatibu erlikia, babesia ina dawa yake nyingine, ndiyo maana tone la damu likaangaliwe kwanza kwenye hadubini.

Dawa ya kuogeshea: watu wanachukua ile ya ng'ombe na kupimia kizibo kwa macho. Kama lebo haina kipimo cha mbwa, iache dukani, hata kama duka ni langu. Na mwenye paka anisikie: dawa ya mbwa yenye permethrini usimpake paka. Inaua.

Banda nitalipitia haraka. Ukimsafisha mbwa ukaliacha banda, wiki ijayo unaanza upya, kwa kuwa kupe wengi wako kwenye nyufa wakimsubiri. Choma yale magunia anayolalia, ziba nyufa kwa saruji, na uangalie mpaka kona za juu karibu na bati, maana hawa wanapanda ukuta. Dawa ya kupulizia banda ipulize mbwa akiwa mbali, arudi pakishakauka.

Bosko, dagaa zimeisha? Bado mguu wa kushoto.