Muulize Jina Kabla ya Kumuuliza Kwao
(Mhadhara kwa walimu wa fizikia, Mtwara)

Wakubwa zangu shikamooni. Mtu akibisha hodi saa nane za usiku hapa Chikongola, huanzi na "umetoka wapi?" Unauliza "nani?" Nimelisema hili kila ninapopewa nafasi, na leo nalisema tena: miale ya kosmiki, yaani chembe zinazotujia kutoka angani, ile yenye nishati kubwa kuliko zote inatubishia hodi, nasi tunakimbilia kuuliza kwao, ilikotoka, kabla ya kuuliza jina, yaani ni chembe ya aina gani.

Inueni mfuko wa korosho wa kilo 5, kimo cha mita moja. Nishati ya kiasi hicho ilibebwa na chembe moja tu, ndogo kuliko atomu, iliyonaswa Utah, Marekani, tarehe 15 Oktoba 1991.

Zinanaswaje? Kule Malargüe, Argentina, yametandazwa matangi ya plastiki zaidi ya 1,600 kwenye kilomita za mraba 3,000. Ni matangi kama haya yetu ya kukingia mvua, ila ndani ni giza totoro na maji safi lita 12,000. Chembe ikigonga hewa huko juu, huzaa chembe nyingine mabilioni, nazo zikipita majini huacha mwanga hafifu wa buluu, kwa kuwa zinaishinda nuru mbio. Najua mwanafunzi atasimama: "Mwalimu, nuru haishindwi!" Haishindwi penye ombwe, mwanangu. Majini kasi yake hushuka hadi robo tatu.

Sasa mtaniambia, si tuseme tu zinatoka Centaurus A, galaksi iliyo anga hili letu la kusini? Hapana! Chembe hizi zina chaji, na sumaku za angani huzipinda njiani. Protoni ina chaji 1, kiini cha chuma 26, basi chuma kwa nishati ileile hupindwa mara 26 zaidi. Hujui ni ipi, utachoraje mshale wa kurudi ilikotoka? Chembe nyingine iliyonaswa 27 Mei 2021, wakaiita Amaterasu, ukinyoosha njia yake unaishia palipo karibu patupu, hapana galaksi za kutosha. Watu wakaanza kutaja fizikia mpya. Jina lake halisi, protoni au chuma, walishalijua?

Muda unanibana. Mwaka 2017 wanasayansi wa matangi yale ya Argentina walithibitisha kwamba chembe zenye nishati kubwa huja zaidi kutoka upande mmoja, mbali na kitovu cha galaksi yetu. Kwa hiyo ni wageni wa nje ya galaksi yetu. Ila hili mlishike: juu ya yale matangi sasa wameweka vibao vya kutenganisha elektroni na myuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi), ili wajue kilichobisha ni protoni au chuma, maana chuma huzaa myuoni nyingi zaidi.