Hataza za Jeni: Kipimo Kikiwa cha Maabara Moja

Ndugu wasikilizaji,

Hataza za jeni, yaani haki za kisheria za kuwazuia wengine kuitumia jeni fulani bila ruhusa, zikitajwa, watu hukimbilia bei. Bei ilikuwa tatizo kweli, lakini kwa maoni yangu kulikuwa na kubwa zaidi: kipimo kikishakuwa cha maabara moja, hakuna wa kukihakiki. Nitashika kesi moja tu, ya jeni za BRCA1 na BRCA2 huko Marekani.

Jeni hizi kila mmoja wetu anazo, wanaume kwa wanawake. Protini zake hurekebisha DNA inapokatika. Anayerithi jeni yenye kasoro huwa na hatari kubwa kuliko kawaida ya saratani ya matiti, na kwa wanawake ya ovari pia. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kwamba BRCA1 iko kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 1994 kikundi cha Mark Skolnick, cha Chuo Kikuu cha Utah na kampuni ya Myriad Genetics, kikaipata jeni yenyewe, na hataza zikaombwa.

Sasa angalieni kilichodaiwa. Si mashine wala kemikali. Ni DNA yenyewe ikishatolewa mwilini, na dai mojawapo lilishika kipande chochote chenye herufi 15 za DNA au zaidi kutoka kwenye jeni hiyo. Nanyi mliozoea PCR, njia ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA, mnajua praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoianzisha, huwa na herufi kama 20. Kwa hiyo hata ukibuni njia yako mwenyewe ya kupima, praima tu zinakuingiza kwenye hataza ya mwenzako. Maabara za vyuo zilizokuwa zikipima, ikiwamo ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ziliandikiwa na Myriad barua za kutakiwa ziache. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, asilimia 25 ya wakuu wa maabara waliohojiwa Marekani walisema wamewahi kuacha kipimo fulani kwa sababu ya hataza au leseni.

Hapo ndipo ubora unapoingia. Siku zile kila eksoni, yaani kipande cha jeni chenye maelekezo ya kutengeneza protini, ilizalishwa kwa PCR peke yake, kisha ikasomwa herufi kwa herufi. Chukulia mama ambaye nakala ya jeni aliyoipata kwa baba yake imepoteza eksoni nzima, na ile ya upande wa mama yake ni kamili. PCR itazalisha ile kamili tu. Herufi zitatoka safi kabisa, na majibu yataandikwa hayana tatizo, kumbe kasoro imo. Njia hiyo inasoma, haihesabu nakala. Ili kuhesabu unahitaji mbinu kama MLPA, inayotoa uwiano kwa kila eksoni: karibu na 1 nakala zote mbili zikiwapo, karibu na 0.5 moja ikikosekana, karibu na 1.5 ikiwapo ya ziada. Na 0.5 ya eksoni moja pekee usiiamini haraka. Badiliko la herufi moja tu mahali probu, kipande cha DNA cha kupimia, inaposhika linaweza kuishusha, kwa hiyo thibitisha kwa njia nyingine.

Kipimo cha kampuni ya Myriad kilitafuta mapengo makubwa machache tu yaliyokwisha kujulikana. Mwaka 2006 kikundi cha King kilipima upya watu 300 kutoka familia zenye wagonjwa wanne au zaidi, wote wakiwa wameambiwa hawana kasoro. Asilimia 12 walikutwa na vipande vikubwa vya BRCA vilivyopotea au kujirudia. Mwaka huohuo kampuni ikaleta kipimo cha nyongeza. Mbinu ya kuyaona mapengo hayo ilikuwa imekwisha kuwapo, ila maabara nyingine hazikuwa na ruhusa ya kuitumia kwa wagonjwa.

Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, ilisema DNA iliyotolewa mwilini tu haipewi hataza. DNA inayotengenezwa maabara kwa kunakili RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni), yaani cDNA, ikabaki inaweza kupewa. Siku hiyohiyo maabara nyingine zilitangaza kupima. Kipimo kamili kilichokuwa kikizidi dola 3,000, moja ilikitangaza kwa dola 995.

Hukumu hiyo haikugusa kumbukumbu za majibu ya vipimo. Kwa miaka mingi majibu yote yalipita mahali pamoja, na tangu katikati ya miaka ya 2000 kampuni haikuyapeleka tena kwenye hifadhi ya umma. Ndiyo maana waganga walianza kukusanya ripoti za wagonjwa wao, wakafuta majina, wakabakiza badiliko na tafsiri yake, wakazituma ClinVar, hifadhi ya umma ya mabadiliko ya jeni. Pengo hilo linawaumiza zaidi watu wenye asili ya Afrika. Takwimu nyingi ni za Wazungu, kwa hiyo watu wetu hupewa mara nyingi zaidi jibu la "badiliko ambalo maana yake haijulikani". Jibu hilo si la kumwondolea mtu ovari, wala si la kumwambia yuko salama. Ukituma sampuli nje, kabla ya kusaini mkataba uliza kama maabara hiyo hupeleka mabadiliko inayoyapata ClinVar, na kama itakuandikia upya tafsiri ikibadilika.