Joho na Jembe: Mwalimu Nyerere Akiwa Mkuu wa Chuo

Assalaam aleikum wazee wetu wa Mkomani na Langoni hapa Lamu, walimu, kamati za maji, na nyinyi vijana mliovuka kutoka Mokowe.

Hapa kwetu joho ni la bwana harusi na la mashekhe. La chuo kikuu huvaliwa na chansela, na wengi hudhani yeye ndiye mwendeshaji wa chuo. Siye. Mafaili, mishahara na migomo ni ya naibu chansela. Chansela hutunuku shahada na kutoa ushauri. Hawezi kuamuru hata feni ya darasa itengenezwe. Kenya, mpaka mwisho wa utawala wa Moi mwaka 2002, rais ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vya umma. Kibaki alipoingia akawaachia wengine joho hilo, na Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, akawa chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia.

Basi mtu asiye na amri utapimaje huduma yake kwa jamii? Tazama kilichotoka mfukoni mwake.

Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule ya Pugu kabla ya siasa, alishika uchansela mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Muungano huo ulipovunjika mwaka 1970, akabaki Mkuu, yaani chansela, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye alikuwa na joho na rungu kwa pamoja, kwani alikuwa rais pia, na ndiyo maana kumhukumu ni kazi.

Mwaka 1966 serikali yake ilitaka wahitimu walitumikie taifa kwa miaka 2: miezi michache kambini, kisha miezi 18 ya kazi ya fani zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Tufanye hesabu. Aliyestahili shilingi 1,000 kwa mwezi angepata 400. Kwa miezi 18 angepoteza shilingi 10,800. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300 siku hiyo, akawarudisha makwao. Lakini walikuwa wamegusa donda: mishahara minono ya wakubwa. Hapo hapo akakata wake kwa asilimia 20. Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, lilikuja Februari 1967, na wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni baadaye.

Kufukuza ulikuwa ukali wa rais. Kukata mshahara wake ndilo tendo ambalo chansela yeyote, hata asiye na askari, angeweza kulifanya. Ila lilikuja baada ya bango. Lingetangulia, pengine maandamano yasingefika Ikulu.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliongeza sharti jingine: mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, apate sifa njema kazini, ndipo aombe chuo. Nia ilikuwa kuleta darasani watu wanaoijua jamii. Kilichoharibika ni hiki: wasichana wengi waliotoka shule wakaolewa au wakazaa, hawakurudi. Idadi yao chuoni ikashuka, ikabidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Sharti lilikuwa moja kwa wote, mzigo haukuwa mmoja.

Sasa turudi visiwani, kwa sababu kila mwaka vijana wa vyuo huletwa Kizingitini na Faza, kisiwani Pate, "kuhudumia jamii", wakapaka chokaa ukuta wa shule na kupiga picha. Mzee wa kamati ya maji angewaonyesha jabia, yaani sakafu ya kukingia maji ya mvua pamoja na birika lake.

Hesabu ya jabia haihitaji shahada. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Sakafu ya mita 20 kwa 20 ikipata milimita 30 hukusanya lita 12,000. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 9,600. Kaya inayotumia mitungi mitano ya lita 20 kwa siku itakaa siku 96. Ufa mmoja mrefu kwenye sakafu hula hesabu hiyo yote.

Ufa haupakwi juu juu. Uchongwe upanuke, usafishwe vumbi, uloweshwe, kisha ujazwe saruji sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, na ufunikwe magunia mabichi kwa siku 7. Mchanga wa pwani usiguswe: chumvi yake huudhoofisha mchanganyiko, na kama kuna nondo chini, itazila. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite nje, yameoga kinyesi cha mbuzi.

Kazi hiyo ni ya kaskazi, Februari na Machi, sakafu ikiwa kavu. Likizo ndefu ya vyuo vingi huangukia Mei hadi Agosti, mvua ikishanyesha na birika limejaa. Ndiyo maana wanafunzi wetu huishia kwenye chokaa. Chansela anaweza kuliomba baraza na seneti wawaachilie wanafunzi wa uhandisi wiki 2 za Machi, zihesabiwe kama mafunzo ya vitendo. Aanze barua hiyo kwa kusema yeye mwenyewe analipa nauli ya boti na mifuko ya saruji. Wanaokuja Mei wapewe kazi ya Mei: kupima kina cha maji kila wiki na kuandika daftari, ambalo hubaki kwa mshika ufunguo wa birika wao wakishaondoka.